Mume Anayepiga Hodi Kwake

Salamabila

Mama Chadia, mke wangu,

Salamu kwako na kwa mtoto wetu huko Kasongo. Mimi ni mzima, ila mgongo unalalamika. Mvua imejaza maji shimo letu la dhahabu, kwa hiyo siku hizi hatuchimbi sana.

Redio ya hapa iliomba kila anayeweza aandike mchezo wa kuigiza mzima ndani ya mwezi mmoja. Nimeandika, mimi niliyeacha shule darasa la tano. Ni habari ya mchimbaji anayerudi kwake baada ya miaka mingi. Wenzangu waliuigiza jioni. Déo, na ndevu zake zile, alijifunga kikwembe, kitenge cha mama mpishi wetu, akawa mke. Tulicheka mpaka machozi.

Mwisho ndio ulitushinda. Mume anafika mlangoni, anapiga hodi. Déo akanyamaza.

"Sema karibu," nikamwambia.

"Mutu gani anapiga hodi kwake?" akauliza. "Huyu iko mugeni. Simufungulii."

Wote wakamuunga mkono, hata mama mpishi.

Mwezi ulikuwa unaisha. Nikaandika kwamba mke anasema karibu, nikaupeleka mchezo redioni. Déo bado ameninunia.

Tangu nilipokosa kuja Idi hupokei simu yangu, na sikulaumu. Juma lijalo nitapanda pikipiki nije. Nikifika nitapiga hodi, maana Déo alisema kweli, nimekuwa mgeni. Tafadhali, wewe usinyamaze kama yeye.

Ni mimi,
Baba Chadia