Niliwapa Sisimizi Sukari, Babu Akashukiwa

Jumanne, tarehe 4 Machi

Mpendwa mshauri,

Shikamoo. Naomba msaada wako, na nimejiapiza kukueleza yote, hata yale yanayonitia aibu, maana nikikuficha nusu utanijibu nusu.

Mimi ni mwanafunzi wa darasa la saba. Shangazi yangu ni muuguzi, na alipoitwa kwenye mafunzo ya wiki tatu aliniachia miwaridi yake sita iliyo chini ya dirisha la jikoni, akaniambia, "Nikiikuta hai, ile pembe ya bustani ni yako, panda utakacho," nami tangu siku hiyo naiamkia miwaridi kabla sijawaamkia watu. Wiki ya pili nikaona vidukari, wale wadudu wadogo wa kijani, wamebanana kwenye matumba na majani machanga yameanza kujikunja, na nikaona pia sisimizi wakipanda na kushuka mashina wakiwagusagusa vidukari mgongoni, nikasema moyoni, afadhali, polisi wamefika, kwa kuwa kwenye somo la sayansi tulifundishwa kwamba wako wadudu wanaokula wadudu wenzao, ila siku walipotajwa majina nilikuwa nyumbani naumwa jino.

Basi kila asubuhi nikawa nachota kijiko cha sukari jikoni na kukinyunyiza kwenye mashina ili sisimizi waje wengi, na kweli, mshauri, walikuja na ukoo mzima, lakini vidukari nao wakaongezeka, nikadhani sukari haitoshi, nikaweka vijiko viwili, kisha vitatu.

Sasa Babu, baba yake baba yangu, aliambiwa na daktari aache sukari, naye ameacha, anakunywa chai huku amekunja uso kama anameza dawa. Mama akaona kopo linapungua.

"Baba, samahani, hii sukari inakwenda wapi?"

"Waniuliza mimi? Mimi na sukari tumeachana, hata salamu hatupeani."

"Na kopo linajimaliza lenyewe?"

"Labda linanionea huruma, linakonda."

Tulicheka sote, lakini jana Mama alilihamishia kopo chumbani kwake, na Babu hakufanya utani tena. Aliinuka akaacha chai nusu, akasema, "Mkwe wangu, kwa umri huu nimekuwa wa kufungiwa sukari?" Nami nilikuwa pale pale, mkate mdomoni, nikaendelea kutafuna, kwa sababu Shangazi anarudi Jumamosi, na nikisema ya sukari itabidi niseme na ya miwaridi, na pembe yangu itakuwa imekwenda.

Naomba unijibu katika gazeti la Alhamisi hii hii: je, nitafute sukari kwingine sisimizi wamalize kazi kwanza ndipo niseme, au niseme kwanza?

Mtunza waridi

MSHAURI ANAJIBU

Marahaba, mwanangu. Nilikuwa nacheka peke yangu mpaka nilipofika kwa Babu yako, kicheko kikakatika.

Ngoja nikutoe tongotongo. Hao sisimizi si polisi, ni wachungaji, na vidukari ndio ng'ombe wao. Kidukari hufyonza utomvu wa waridi na kutoa majimaji matamu, sisimizi huyalamba. Kule kugusagusa ulikokuona ni kukamua! Tena humfukuza yeyote anayetaka kuwala ng'ombe wao, na wewe ukawaongezea posho. Anayewala vidukari ni mdudu kibibi, yule mwekundu wa mviringo mwenye madoa meusi. Ukimwona, mwache afanye kazi.

Sukari isiongezwe hata chembe. Iliyobaki kwenye mashina ioshe. Kesho asubuhi, jua halijawa kali, shikilia kila tawi na upige maji kwa nguvu chini ya majani, vidukari waanguke. Watakaong'ang'ania, wanyunyizie lita moja ya maji yenye kijiko kidogo cha sabuni ya maji ya vyombo, si zaidi, usije ukaunguza majani. Tumba lililojaa vidukari kabisa, likate. Kisha zungushia kila shina utepe, juu yake paka mafuta mazito ya kujipaka, wachungaji wasipande tena. Jumamosi miwaridi haitakuwa mizuri, lakini itakuwa hai, na Shangazi alisema hai.

Kuhusu Babu, sikubembelezi. Mzee ameacha kitu anachokipenda, na badala ya pongezi amefichiwa kopo, nawe unatafuna mkate! Huwezi kungoja Jumamosi. Wala usimvute Mama pembeni kumnong'oneza. Alishukiwa mezani, asafishwe mezani, wote wakiwa wamekaa. Sema hivi: "Mama, sukari nilichukua mimi. Babu hajaigusa." Maneno sita tu. Usianze na hadithi ya sisimizi, maana watacheka kabla hujafika kwa Babu, na yeye ndiye anayengoja.

Acha kusoma. Chai ya jioni inaandaliwa, nenda kakae karibu naye.