Buhendwa na Kichwa cha Sigara

Véro, uko hapo kwa simu? Niko uani kwa Mzee Harelimana, Nyakarenzo. Kaka yangu Buhendwa ametuaibisha.

Alikuja amuombe Mukamurenzi, amuoe, kwa babake, huyu Mzee. Masaa mawili anaongea mvua tu, na malori ya simenti ya Muganza.

Mzee akatoa sigara moja nene, ya majani matupu ya tumbako. "Wewe fundi wa nguo, nikatie."

Buhendwa akatoa makasi yake mufukoni. Akaipima sigara na kidole. Kichwa, pale pa kuweka mudomo, kimefungwa vizuri kama pindo; pale ndipo pa kukata ili moshi upite. Unamujua, Véro, pindo ya muntu hawezi kuikata. Akakata ule upande mwingine, uliokuwa wazi tayari.

Wazi tayari, Véro.

Mzee akawasha, akavuta. Mashavu yakaingia ndani, moshi hakuna. Akavuta tena.

Akaitoa mudomoni, akamuangalia. "Palipo wazi umekata. Palipofungwa umeogopa. Tangu saa nane unafanya vile vile. Sema kilichokuleta."

Sasa ni dakika kumi. Nachungulia dirishani. Mzee amemurudishia sigara, na Buhendwa anaigeuzageuza tu.

Makasi ameifungua. Kinywa bado.