Kibuyu Ulichokitoboa kwa Ajili Yangu

Mama yangu,

Leo tumeingia maabara ya chuo kwa mara ya kwanza, na nimekukumbuka hadi nikasahau kufunga vifungo vya koti. Ungenicheka. Basi acha nikuandikie, hata kama hapo Rhotia ulipolala barua haifiki.

Unakumbuka nilivyonuna Neema wa mama mdogo alipopelekwa shule binafsi Arusha? Mimi nikabaki shule ya serikali pale Karatu, siku mbili sisemi na mtu. Wala hukunibembeleza. Ulisema tu, "Uwezo huo sina, mwanangu. Kula." Nikala, maana hasira zangu hazijawahi kuyashinda makande yako.

Lakini kilio changu kilikuwa cha kweli. Nilitaka udaktari, na wanaoomba ni wengi kuliko nafasi. Kule kwa Neema kila mwanafunzi alikuwa na bureti yake, ule mrija wa kioo wa kudondoshea asidi tone kwa tone mpaka rangi igeuke. Sisi darasa zima tulikuwa na mbili. Ukizidisha tone moja tu, jibu limeharibika na zamu yako imepita. Mimi nilizidisha kila mara.

Ndipo ikaja ile Jumapili ya rozela. Bila kujua, ulimimina juisi nyekundu kwenye sufuria lenye maji ya magadi ya kulainishia makande, ikageuka kijani. Ukapiga kelele, "Yesu wangu! Nusura niwape watoto sumu!" Nikacheka mpaka nikakaa chini. Nikakamulia limau, wekundu ukarudi. Nikakwambia, "Mama, hii ndiyo kemia inayonitesa." Ukaniuliza kinachonishinda hasa ni nini. Nikasema, tone la mwisho.

Kesho yake nilipotoka shule nikakuta umetoboa kibuyu cha maziwa kwa msumari wa moto, kilekile alichokupa bibi ulipoolewa, ukachomeka mrija wa kalamu ya biro. Nilitaka kulia.

"Sasa maziwa utaweka wapi?"

Ukajibu bila hata kugeuka, "Maziwa yatakaa kwenye chupa. Wewe huna maabara."

Miezi ile yote nilijaza maji ya limau kwenye kibuyu, nikaziba mrija kwa kidole na kuyadondosha tone kwa tone kwenye rozela yenye magadi, nawe ukichambua maharage huku ukinichunga kama polisi. "Umezidisha! Mwaga, anza tena." Kemia hukuisoma hata siku moja, lakini jicho lako halikukosea rangi. Magadi yakaisha, makande yakawa magumu, baba akalalamika. Ukamwambia atafune.

Majina ya waliochaguliwa kusomea udaktari yalitoka wiki tatu baada ya kukuzika. Inaniuma mpaka leo, mama. Sikupata hata kukwambia asante nikiwa nimekushika mkono, ndiyo maana naiandika hapa: asante, asante sana.

Leo mwenzangu wa meza, aliyesoma shule binafsi ya maana, ameniona nikifunga bureti kwenye tone lenyewe. "We, shule yenu ilikuwa na maabara nzuri, eeh?" Nikamwambia hapana, nilifundishwa na mama.

"Kumbe mama yako ni mwalimu wa kemia?"

Nikasema ndiyo.

Pumzika, mama. Kibuyu ninacho hapa hosteli, na sitaki mtu akiguse.

Kifungua mimba wako