Dole gumba lako begani kwangu

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo. Najua hutaitikia, lakini sijazoea kuanza kuzungumza nawe bila kukuamkia.

Picha yetu bado iko chumba cha uani hapa Ihumwa, pale ulipokuwa unakaa kwenye kigoda nyuma yangu, mimi nikitazama kioo na kutuchora wote wawili. Nimefungua shajara ya siku zile. Jumatatu niliandika: "Baba amekaa saa nzima. Hakunyamaza hata kidogo."

"Pua hiyo ni ya mama yako," ulisema. "Usije ukanisingizia."

"Baba, funga mdomo kidogo, ndio ninaouchora."

"Si ndiyo nakuonyesha unavyofanya kazi!"

Maisha yako yote ulipaka nyumba za watu, chokaa ukutani, rangi ya mafuta milangoni na madirishani, tangu kwenu Busi hadi huku. Kabla ya kukabidhi nyumba ulibonyeza dole gumba mlangoni. Likitoka safi, unamwambia mwenye nyumba aingize vitu vyake. Nilipokuwa mdogo nilidhani nyumba haijaisha mpaka dole lako liiguse.

Alhamisi uliingia nikiwa naosha brashi. "Hii nayo si ya mafuta? Siku tatu, itakuwa imekauka," ukasema, ukabonyeza bega langu pale kwenye picha. Rangi ya milango hukauka kesho yake. Hii yangu hukaa mbichi wiki nyingi, na sikuwahi kukueleza. Dole likazama.

"Baba! Umeniharibia kazi!"

Nilipiga kelele mpaka mama akatoka jikoni. Ulitazama dole lako lenye rangi ya kahawia, ukalipangusa kwenye shati.

"Nisamehe, fundi," ukasema.

Hukuwahi kuniita fundi. Siku zote nilikuwa "mtoto". Lakini nilikuwa na hasira, sikukujibu. Kwenye shajara niliandika tu: "Kukwangua bega."

Uliendelea kuja, ila sasa ulikalia mikono yako. Nilikuwa nakuona kwenye kioo. Ningeweza kusema, "Itoe tu, Baba." Nikaona mikono nitaichora mwishoni, kwanza uso. Uso ukaisha. Kisha ukaugua, na kigoda kikabaki wazi.

Baada ya arobaini yako shangazi alibaki hapa siku mbili. Alisimama mbele ya picha muda mrefu.

"Kaka yangu huyu kabisa. Mikono yake iko wapi?"

"Ameikalia, shangazi."

"Aikalie kwa nini, alikuwa na baridi?"

Nilimweleza yote. Hakucheka. "Basi mchoree. Mtu kafanya kazi kwa mikono miaka yote hiyo, unamwacha hana?"

Nimejaribu mara tatu. Inatoka mikono ya mtu mwingine, laini, isiyo na zile nyufa za chokaa. Kila mara nimeifuta. Jana asubuhi nikachukua kisu angalau nikwangue bega, maana sipendi jambo likae kwenye shajara bila kukatwa. Nikaisogeza picha dirishani.

Mistari ya dole lako yote ipo, Baba. Hata lile kovu la ulipokatwa na bati la msikitini. Na limekaa kwa juu ya bega, upande wako, pale ambapo mtu aliyekaa nyuma ya mwanawe angeweka mkono.

Niliweka kisu chini. Nikabonyeza dole langu pembeni mwa picha, kama ulivyokuwa unafanya milangoni. Likatoka safi.

Shangazi nitampigia, nimwambie mkono wa kaka yake ulipo. Kwenye shajara nimekata ule mstari, nikatia tarehe ya jana. Limebaki neno moja ambalo nilipaswa kukujibu siku ile nikiwa na brashi mkononi, ukiwa umesimama mbele yangu unapangusa dole. Nakujibu leo.

Nisamehe na wewe, fundi.

Pumzika salama.

Mtoto wako