Fosco Lenzi na mguu wa Nedo

Mwaka umetimia, Fosco, tangu asubuhi ile ulipoketi ukingoni mwa kitanda kuvaa soksi ya pili na usiivae. Daktari alisema ni moyo. Sisi tuliokwisha kuzoea kukuona ukitolewa uwanjani kwa machela na kurudi unakimbia, tulikaa tukisubiri uinuke.

Watoto walitaka tangazo fupi la kumbukumbu yako, la kubandika ukutani karibu na kanisa, picha yako ukiwa na jezi nyekundu na maneno machache matamu. Nikampigia simu mdogo wangu Nedo kumwuliza kama jina lake liwemo.

“Dada Argia,” akasema, “andika na lile teke. Ukiandika maua matupu, jina langu litoe.”

Jina lake limekosekana katika kila jambo la nyumba hii, arusi na ubatizo, kwa zaidi ya miaka hamsini. Sitaki likosekane na hapa. Kwa hiyo naandika yote, na wewe utanivumilia kama ulivyonivumilia siku zote.

Majirani wa sasa wanamjua mzee mpole. Ulipandisha mitungi ya gesi ghorofani kwa wajane, ukaifunga mwenyewe, ukaondoka bila kunywa hata kahawa. Konokono wa kwenye kabichi hukuwaponda. Uliwaokota mmoja mmoja ukawarusha ng'ambo ya ukuta, bustanini kwa jirani yetu Dino, naye Dino akakurudishia. Hukuniinulia mkono kamwe, wala watoto wetu, Loriana na Furio.

Uwanjani ulikuwa mchinjaji. Jina hilo ulipewa na watu wetu wenyewe wa Montalpo, tena kwa mapenzi. Ulikuwa beki, na kazi yako ilikuwa mtu mmoja. Kocha alikuonyesha mshambuliaji, nawe ukamganda tangu kipenga cha kwanza mpaka cha mwisho, kiwiko mbavuni, njumu kisiginoni. Mmoja alikuuliza, “Wewe, na chooni utanifuata?” Ukamjibu, “Ukienda na mpira.”

Nao walikulipa. Pua ilivunjwa, ikaunganishwa, ikavunjwa tena. Meno ya mbele uliyatema kwenye nyasi, ukayatia ndani ya soksi, ukaendelea kucheza. Jezi zako nilizifua kwa maji baridi na chumvi, maana maji ya moto huigandisha damu kwenye kitambaa. Mama yako ndiye aliyenifundisha. “Mabibi harusi wengine hufundishwa mchuzi,” alisema, “wewe utajifunza hili kwanza.”

Nyinyi mabeki mlikuwa na desturi yenu: teke la kwanza ni la bure. Mwamuzi hamtoi mtu nje kabla watu hawajatoa jasho. Kwa hiyo mwanzoni mwa mchezo mlimkaribisha mgeni, teke moja la nguvu kwenye shavu la mguu, ili siku nzima acheze akitazama nyuma.

Jumapili ile ya mwezi wa tano mlicheza na Roccaverna, kwetu nilikozaliwa, ambako ni karibu tu kwa baiskeli. Atakayefungwa anashuka daraja. Mshambuliaji wao alikuwa Nedo, na kila mtu alijua kwamba klabu kubwa ya kaskazini inamtaka.

Kocha alikuuliza, “Shemeji yako nimpe Vasco?” Vasco, beki mwenzako, alikuwa analenga magoti. Ukasema, “Vasco atamvunja. Niachie mimi.” Hapo ndipo ulipokosea, Fosco. Ulikosea kwa kumhurumia.

Nje ya chumba cha kuvalia Nedo alikutania mbele yangu. “Shemeji, nipige polepole, mama ameniwekea sungura.”

“Sungura analiwa kwa meno, si kwa miguu.”

“Ndiyo maana nakuhurumia wewe, mwenye meno ya kununua.”

Mkacheka wote wawili, mkaingia.

Nedo alikuwa amecheza nawe uani kwetu Jumapili nyingi. Alijua teke lako la bure linakuja kutoka kulia. Mpira ulipomfikia, akageukia kushoto ghafla, na mguu wake ukakita palepale wewe ulipokuwa unapiga. Ulilenga shavu la mguu, ukakuta ugoko. Mimi nilikuwa jukwaani upande wa jua, na nilisikia. Ni kama mtu anapovunja matawi makavu ya mzabibu gotini. Mfupa ulitokeza juu ya soksi, mweupe kwanza, kisha mwekundu.

Uwanja ukageuka vita. Watu wa Roccaverna waliruka uzio wakakushukia kwa miti ya bendera. Wetu wa Montalpo wakaingia kukutetea, na wengi hawakujua wanampiga nani. Padri alipasuliwa kichwa kwa kiti. Wewe ulikuwa umepiga magoti, umekishika kichwa cha Nedo asiutazame mguu wake, na mawe yakikupiga mgongoni. Nedo alikuwa ameung'ata ulimi. Alikutemea damu usoni, kisha akasema, “Shemeji, niondolee mkono.”

Jioni baba yangu Amedeo alikuja na mti wa kuegemezea mizabibu. Hakubisha hodi. Alikupiga umeketi mezani, mfupa wa bega ukavunjika, akapiga tena, na sahani zote zikaenda. Nilimng'ang'ania baba yangu mwenyewe kiunoni, nikamng'ata mkono mpaka nikaonja damu. Wewe, uliyewaangusha majitu, hukuinua hata kijiko. Ulisema tu, “Baba, Loriana yuko chini ya meza.”

Baba akainama akamwona, na vipande vya sahani nyweleni. Akautupa ule mti, akatoka, na hakuikanyaga tena nyumba hii mpaka anakufa.

Nedo hakucheza tena. Mguu uliunga mfupi. Na ile klabu ya kaskazini iliyokuwa inamtaka yeye, mwaka uliofuata ilikuchukua wewe. Walitafuta beki anayeogopwa. Ulikwenda, kwa kuwa hukujua kazi nyingine, ukapata jina, na picha yako ikatoka magazetini. Kila Krismasi ulimpelekea Nedo soseji kavu ya kutengeneza mwenyewe. Kila Krismasi ilirudi na kamba yake haijafunguliwa.

Juzi nilimsomea haya yote kwenye simu, neno kwa neno.

“Kuna jambo hujaandika,” akasema. “Nilikuwa nimeshampita.”

“Nedo, sasa wewe ni babu wa mtu mwenye ndevu.”

“Nilikuwa nimeshampita, Argia. Ulibaki mguu mmoja tu nyuma. Andika.”

“Fosco angebisha.”

“Basi aje abishe,” akasema. Kisha nikamsikia anapenga kamasi, na akakata simu.

Misa ya kukuombea ni Jumapili hii, saa tano asubuhi.

Tunaokukumbuka ni mimi mkeo Argia. Watoto wako Loriana na Furio. Wakwe zako Ottavio na Milva. Wajukuu zako Ilario, Noemi na Samuele. Na shemeji yako Nedo Bartalucci, aliyekuwa ameshakupita.

Hutatutoka moyoni, Fosco, siku zote tulizobakiwa nazo.