Kisanduku cha Kilo

Jumatatu, 1 Septemba 2025

Daftari hili lilikuwa la ng'ombe. Kurasa za mbele zina rangi, alama za masikio na majina ya wauzaji. Nimeligeuza, naanzia nyuma. Zita amesema niandike chochote, nisimwonyeshe mtu, hata yeye. Zita ni mshauri wa binti yangu, yuko Arusha. Nilimwambia mimi niliishia kidato cha pili. Akasema daftari haliombi cheti. Nilimpenda hapohapo.

Haya. Tadei Hhando, dalali wa ng'ombe, Katesh. Mnadani wananiita Mizani. Dume akitembea hatua kumi mbele yangu nataja kilo zake, uzito hai, halafu mizani ya chuma inakuja kunifuata mimi. Nimepeleka ng'ombe Pugu. Nimepeleka Nairobi. Nimepanda nao meli mpaka Komoro — nikatapika mimi, ng'ombe wakabaki wananishangaa. Hanang' nzima hakuna jicho kama hili.

Na jicho hilohilo halikuona kuwa Bene hali chakula.

Benedikta ana miaka kumi na tisa, kamaliza kidato cha sita mwezi wa tano. Tangu Januari alikuwa anasukuma ugali pembeni ya sahani, anasema kashiba. Mwezi wa sita akaanguka kanisani, katikati ya matoleo. Tukampeleka hospitali iliyo kwenye orodha ya bima. Daktari akampandisha kwenye mizani, akaangalia kadi ya zamani, akatabasamu. Amepungua vizuri, akasema. Aendelee hivyohivyo.

Mtoto kaanguka kwa njaa, anapongezwa! Kwa sababu bado ni mnene. Kumbe njaa ya mtu mnene haihesabiki.

Nikamwambia: daktari, ng'ombe akiacha kula siku tatu, hata awe na nundu kama gunia, mimi namwita bwana mifugo. Simpigii makofi. Fausta mke wangu akanivuta shati.

Muuguzi mmoja akatufuata nje, akatupa namba ya Zita. Chumba cha Zita hakina mizani. Nimekagua mpaka nyuma ya mlango. Anasema anatibu woga wa kula na aibu ya mwili, kwa mtu wa umbo lolote. Pale mtu hapunguzwi wala haongezwi, anarudishwa kwenye chakula chake. Bene ameshaenda mara tatu. Juzi wakati wa kurudi, tulipofika Babati, kaomba chapati. Kaomba mwenyewe. Nilinunua sita, nikajifanya naangalia magari.


Jumatano, 3 Septemba

Zita hayumo kwenye orodha ya bima. Bima yenyewe ni ya Fausta, anatunza stoo ya kampuni ya ngano huko Basotu, na kadi yake inatubeba wote. Vikao vitatu tumelipa mfukoni. Dume wangu mwekundu ameshauzwa. Vimebaki vikao tisa. Ng'ombe wa kuuza amebaki mmoja, na ndiye anayekamuliwa.

Fausta anasema bima hawalipi mtu wa nje ya orodha, kila mtu anajua. Kila mtu hajasoma kijitabu cha bima. Mimi nimesoma. Siku mbili, kwa miwani ya Fausta, maneno magumu nikimwuliza Bene kupitia dirishani bila kumwambia ni ya nini. Ukurasa wa kumi na nne, kifungu cha sita: kama huduma ya kibingwa haipo kwa yeyote wa orodha katika mkoa wako, lipa mwenyewe, leta fomu, taarifa ya mtaalamu na risiti ndani ya siku sitini, unarudishiwa asilimia themanini.

Ikabidi nithibitishe kuwa haipo. Nimepiga simu hospitali zote za orodha, Manyara nzima. Mna mtu anayetibu msichana mnene asiyekula? Mmoja alikata simu. Mwingine akasema mlete apunguze uzito. Nimeandika majina na saa, kila mmoja na jibu lake.

Kidato cha pili, mimi. Fausta kasoma kifungu mara mbili, akarudisha miwani puani, akaanza kukusanya risiti. Huo ni ushindi.

Fomu imekwenda Babati leo, kwenye ofisi yao. Zita alijaza upande wake wote. Sehemu moja tu, kisanduku kilichoandikwa uzito wa mgonjwa kwa kilo, amepiga mstari.


Jumanne, 9 Septemba

Mnada. Vumbi mpaka kwenye meno. Mzee mmoja wa Kibarbaig kaleta dume wa kijivu, mrefu, mbavu zimejificha vizuri. Nikasema mia tatu kumi na mbili. Mizani ikasema mia tatu kumi na nne. Nikawaambia mizani imekosea, ng'ombe kanywa maji njiani. Mzee mwenyewe akakubali: kanywa. Hilary, dalali mwenzangu, akanilipa soda mbele ya watu.

Nilikuwa moto leo. Helena wa chai akapita na birika, wakapiga kelele: Mizani, na huyu je? Nikasema sabini na nane, kilo mbili ni za khanga. Watu wakaanguka kwa kicheko. Helena mwenyewe alicheka kuliko wote.


Jumamosi, 13 Septemba

Arusha. Zita ameniita ndani, Bene akiwepo.

Bene amesema yote yalianza kwenye mnada wa Desemba. Kaniletea simu niliyoisahau nyumbani. Hilary akasema, Mizani, na huyu je? Na mimi nikataja namba. Nikaongeza: na hapo hajala. Mmoja akauliza bei inaanzia ngapi.

Namba siiandiki hapa.

Sikuwa nakumbuka. Sasa nakumbuka mpaka gauni alilovaa. Nilikuwa najivuna! Nyumba yangu ina maziwa, mtoto wangu ameshiba, tazameni. Kwetu mtu akirudi safari unamwambia umenenepa, ni heshima. Nikaanza kumweleza Zita hivyo. Bene akasema, baba, nilikuwa nimesimama penye ng'ombe.

Nimemwahidi sitakadiria tena mtu yeyote maisha yangu. Akatikisa kichwa, kama ndiyo, kama tutaona.


Alhamisi, 18 Septemba

Renatus wa bima amepiga simu kutoka Babati. Kijana mwenye adabu, shikamoo yake ndefu. Halafu: mzee, fomu yako imerudi, kisanduku cha kilo kina mstari tu, hakina namba.

Nikasema hakina kwa makusudi, soma barua ya mtaalamu imebanwa nyuma.

Nimeisoma mzee, nzuri sana, lakini mfumo haupokei bila kilo.

Mfumo ni nani? Nipe namba yake niongee naye.

Akacheka. Nikamwuliza, mtu akivunjika mguu mnampima kilo ndipo mumlipe? Akasema mguu una fomu yake. Akashusha sauti: mzee, nyie si watu wa Jorodom? Mwambie mshauri aandike ni woga wa yale maporomoko ya tope ya mwaka juzi. Ile fomu haiulizi kilo. Itapita kesho.

Lile tope lina wenyewe, waliozikwa humo. Nilichimba siku tatu kwa koleo la jirani yangu Nikolausi, na Nikolausi hakurudi kulidai, liko hapa ukutani. Nikamwambia Renatus: binti yangu anaumwa ugonjwa wake, na ugonjwa wake una jina. Watu wale siwageuzi risiti.

Akasema pole mzee. Nadhani alimaanisha. Akasema pia risiti ya kwanza inafikisha siku sitini tarehe ishirini na nne. Ikikataliwa hiyo, zote zinafuata, maana ni shauri moja.

Jioni nimemwambia Bene ukweli wote, nimechoka kuongea kupitia dirishani. Kasema mizani hapandi. Hakupandisha sauti. Baba, nikiona ile namba, kesho sili. Naijua njia yenyewe, ndimo nilimopita.

Nimesema hupandi. Wakitaka kilo wapime fomu yao.


Jumapili, 21 Septemba

Hilary kaja baada ya ibada. Kakaa, kanywa maziwa vikombe viwili, kanicheka. Wewe mtu mzima unahangaika na kisanduku? Wewe si Mizani? Andika! Huhitaji kumpandisha mtoto popote. Mwangalie akipita, andika, peleka. Nani atakubishia?

Fausta alikuwa anapepeta maharage. Akaacha. Baba Bene, akasema, ni namba tu. Ataijua nani?

Nitaijua mimi. Tena naijua tayari, hapo ndipo shida ilipo. Miaka thelathini nimelifundisha hili jicho, sasa halijui kunyamaza. Bene akipita mlangoni na ndoo namba inakuja yenyewe, na nusu kilo yake. Nimeanza kutazama kuku. Fausta kaniuliza kuku wana nini.

Nikatoka nikaenda kwa Helena, anakaa nyuma ya stendi. Nikamwambia, dada, siku ile ya mnada nilikutaja kilo. Ulicheka. Ilikuwa kweli unacheka?

Kanitazama kama namdai. Akasema, Baba Bene, chai ilikuwa imebaki nusu birika. Ningenuna ningemwuzia nani?

Nimerudi ukurasa wa tarehe tisa nimepiga mstari juu ya kilo zake.

Halafu nikamwambia Fausta: mtoto ameshaahidiwa. Nimedanganya wachinjaji wa Nairobi mchana kweupe, nimedanganya polisi wa vizuizi, nimekudanganya wewe kuhusu umri wangu. Huyu simdanganyi. Akasema, na kikao cha tano tunalipa na nini? Usiku Bene kala makande, sahani nzima, akaikwangua na kijiko. Fausta alisikia ile sauti ya kijiko. Hakuuliza tena.


Jumatano, 24 Septemba

Babati, ofisi ya bima. Naandikia kwenye goti. Leo ndiyo siku ya sitini.

Nimekuja na kijitabu, fomu, taarifa ya Zita, risiti zote, orodha yangu ya simu. Nimevaa koti nililonunua Komoro. Bene kasema anakuja pia, ugonjwa ni wake na jina ni lake. Sikubishana.

Renatus ni mwembamba kuliko sauti yake. Nimemfungulia ukurasa wa kumi na nne mezani. Nikamwomba anionyeshe wapi pameandikwa kilo. Akasoma kifungu chote, midomo inatembea. Akasema, mzee, humu hamna. Nikasema ndiyo maana nimekileta, hamna. Akasema lakini kwenye mfumo imo. Watu wa kwenye benchi wakaanza kusogea karibu. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni akasema, si wamlipe tu baba wa watu.

Renatus akajikuna. Halafu akapata wazo, uso ukamfunguka, maskini, alitaka kunisaidia kwa moyo mmoja. Akasema: mzee, hata makadirio yanakubalika. Binti si huyu hapa? Mwangalie, kadiria tu, mimi naingiza, mnaondoka.

Akaninyooshea kalamu.

Benchi nzima ikamgeukia Bene. Nani aliwafundisha kutazama hivyo, sijui. Najua. Bene alikuwa amesimama dirishani, mikono imeshika mkoba. Hakuinama. Alikuwa ananitazama mimi.

Na namba ilikuja. Jicho halina aibu. Ilikuja yote, na nusu yake, imekaa kwenye ulimi kama siku zote.

Nikasema, sijui.

Renatus akasema, hata kwa kubahatisha, mzee.

Nikasema kwa sauti ya mnadani, wasikie mpaka nje: mimi Tadei Hhando wa Katesh, dalali miaka thelathini, kilo za huyu binti sizijui. Sijui hata kidogo. Kama mfumo wenu unazitaka, uandikieni kwamba baba yake kaulizwa, na hajui.

Kuna mzee kwenye kona anayenifahamu, tulishauziana ndama kule Gitting. Akafungua mdomo. Nikamtazama. Akafunga.

Renatus akabaki na kalamu yake hewani. Akachukua fomu, kijitabu na orodha yangu, akasema ngoja nimwone bosi, tunafunga mfumo saa kumi. Akaingia mlango wa nyuma.

Sasa ni saa kumi kasoro dakika ishirini. Nawasikia ndani. Bosi ni mwanamke. Anauliza kifungu cha ngapi, na Renatus anamsomea — tena anasoma kwa nguvu kuliko alivyonisomea mimi. Sasa anauliza, hajui vipi, si ni baba yake?

Bene alitoka, karudi na hindi la kuchoma. Kakaa hapa ubavuni kwangu, benchi ikalia kidogo, hakuomba radhi. Kalivunja vipande viwili. Kidogo kanipa mimi. Kikubwa kabaki nacho.

Simtazami. Nasikia tu anatafuna.