Mjukuu Katika Chumba cha Mtihani

Jumatatu, 3 Machi
Niwie radhi, daftari langu. Miezi minne sijakufungua. Nilikuwa nikimngoja mjukuu. Amekuja, ana miezi mitatu, tunamwita Kitufe kwa sababu ya pua yake ndogo ya duara. Leo mama yake — binti yangu — amerudi kazini maabarani. Nimepewa wiki moja ya kujaribiwa ulezi. Nikishindwa, Kitufe atapelekwa kituo cha kulelea watoto. Fomu iko mezani. Tangu nistaafu ualimu sijaitamani kazi nyingine kama hii.

Jumanne, 4 Machi
Mambo shwari. Pazia nimefunga, redio nimezima, saa ya ukutani nimeisimamisha. Kitufe nimemvika soksi mikononi asijikwaruze. Simsemeshi, maneno ya kitoto huharibu watoto. Yeye kitandani, mimi kitini, tumetazamana kama mtahiniwa na msimamizi. Hakulia. Nimejipa alama tisini.

Jumatano, 5 Machi
Alama zimefutwa. Binti yangu amerudi mapema, akasimama mlangoni, akauliza nani amefariki. Nikamweleza utaratibu wangu. Akacheka, kisha akaacha kucheka.

"Baba, hata panya wangu hawakai hivi."

Kazi yake ni kuchunguza ubongo wa panya wachanga. Akanikalisha kama mwanafunzi. Panya huujua ulimwengu kwa sharubu. Akinyimwa hisia zake angali mchanga, sehemu ya ubongo inayozipokea huota mishipa michache ya damu. Nikasema: bomba halipelekwi mtaa usio na watu.

"Ndivyo. Na wewe umehamisha mtaa mzima."

Nikauliza kama nimemharibu mtoto. Akasema mtoto si panya, na siku tatu si kitu. Lakini aliitazama fomu.

Miaka thelathini wanafunzi waliniita Mwalimu Kimya. Nilidhani ni sifa.

Alhamisi, 6 Machi
Kuteleza si kuanguka, nikajiambia. Basi leo redio, kengele yangu ya shule, sufuria mbili na mwiko — tangu asubuhi, bila mapumziko. Jirani yetu, fundi cherehani, akaja kuchungulia: "Mzee, kuna harusi au kuna ugomvi?" Kitufe alilia hadi sauti ikamkauka.

Jioni nikaelezwa kwamba kelele za kutwa nazo, kwa panya wachanga, huzuia mishipa hiyo hiyo isiote. "Baba, kwani katikati hujawahi kupita?" Nimefeli mtihani mmoja kwa pande zote mbili. Hata wanafunzi wangu wavivu hawakuliweza hilo.

Ijumaa, 7 Machi
Nimefungua pazia. Nimemvua soksi. Akanishika kidole, akakichunguza, akakitia mdomoni. Tukazunguka chumba tukigusa: ukuta, kitasa cha baridi, kidevu changu kisichonyolewa. Alipochoka aligeuza uso, nami nikanyamaza. Kumbe mtahiniwa ndiye anayepiga kengele.

Baadaye akatoa sauti. Nami — mtu mzima, mwenye vyeti — nikamjibu: agu, agu, aguu. Akacheka. Nikarudia, tena kwa madaha. Ndipo nikasikia kikohozi mlangoni. Binti yangu alikuwa ameshavua viatu. Sijui alisimama pale tangu lini.

Sasa yuko jikoni, anazungumza na mumewe kwa simu, sauti chini. Fomu haijajazwa. Ameweka kikombe cha chai juu yake, na chai imeacha duara pale pa kutia sahihi.

Kitufe amelala kifuani pangu; naandika kwa mkono mmoja, mwandiko wa aibu. Wakishaamua, nitakuandikia. Nikipata mkono.